TAA ZOTE NANE ZILIWAKA, KUMBE NILIKUWA NAUA BIASHARA YA MTU

Leo mnisamehe, sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Ubuyu wa leo unanihusu mimi mwenyewe, na nimeukalia kimya miezi minne.

Kuna dada mmoja hapa Dar, jina kapuni, anauza madera na vijora kwa kwenda laivu. Wengine humu mmeshavaa nguo zake. Kila Alhamisi saa 2 usiku anaingia hewani, anageuza geuza nguo mbele ya simu, watu wanagombania kwenye komenti "yangu hiyo, yangu hiyo". Kwake laivu siyo mbwembwe. Ndiyo duka lenyewe, ndiyo kodi, ndiyo ada ya mtoto.

Shida yake ilikuwa moja. Rauta iko sebuleni chini, chumba cha laivu kiko juu, upande wa nyuma. Wi-Fi ikipanda mpaka kule inafika imechoka. Dawa yake ni kuvuta kebo kutoka chini mpaka juu, halafu unachomeka rauta ya pili hukohuko. Fundi mmoja alimtajia laki na nusu. Mimi nikadakia: "Dada, achana naye huyo. Nipe elfu 80, nakutengenezea mwenyewe."

"Mdogo wangu, una uhakika?"

"Asilimia mia."

Uhakika wangu ulitokana na kebo moja tu. Ya mita moja. Niliitengeneza chumbani kwangu Sinza, nikaunganisha kompyuta, ikapiga kazi. Basi nikajiona injinia.

Nikashuka Kariakoo. Nikakatiwa waya mita 40, nikachukua vichwa vya RJ45, koleo la kubania na testa ndogo ya taa nane. Raha ya kutengeneza kebo mwenyewe ni hiyo: unakata urefu unaoutaka, unapitisha waya mtupu kwenye tundu dogo la ukuta, vichwa unafunga mwishoni. Ya dukani inakuja na vichwa vyake, itabidi utoboe ukuta kama unapitisha bomba la maji.

Sasa ukimenya ule waya, ndani unakuta nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili: machungwa na mwenzake mwenye mistari myeupe, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Mimi nikazisokotoa, nikazipanga hivyohivyo zilivyokaa, kila mtu na mwenzake. Upande wa pili nikarudia vilevile. Nikawaza, kama pande zote zinafanana, tatizo litoke wapi?

Nikachomeka testa. Moja, mbili, tatu, mpaka nane, taa zote zikawaka kwa zamu. Nikapiga picha, nikaweka status: "Fundi wa mjini." Elfu 80 nikala.

Alhamisi ikafika. Dakika ya kumi dada kaganda mdomo wazi, kashika dera mkononi. Akarudi, akaganda tena. Watu kwenye komenti wanacheka, wengine wanamkata picha za kuganda wanazigeuza vichekesho. Wiki iliyofuata hivyohivyo. Akapiga huduma kwa wateja akawawakia. Akapandisha kifurushi, akalipia cha bei kubwa. Bado. Akaniuliza na mimi. Nikaja na testa yangu, nikachomeka, taa nane zote zikawaka. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "Dada, kebo iko fiti. Angalia watu wanaotumia mtandao humu ndani."

Hayo maneno ndiyo yananiuma mpaka leo.

Humu ndani alikuwepo dogo mmoja, mtoto wa mama yake mdogo, katoka Korogwe. Kazi yake kumshikia simu na kuandika oda. Dogo alikuwa anapenda muvi. Dada akaunganisha nukta: huyu ndiye anayeshusha muvi wakati wa laivu. Dogo akaapa kwa jina la mama yake. Hakusikilizwa. Alhamisi ya tatu laivu ilipokufa, Ijumaa asubuhi dogo akapewa nauli.

Aliniaga getini, ana begi moja. Akaniambia, "Kaka, wallahi sijashusha kitu." Nikamjibu, "Mungu yupo, dogo." Jibu la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kutoa.

Usiku ule sikulala. Nikaanza kujisomea, siyo video za dakika moja kama nilivyozoea, nikasoma mpaka mwisho. Ndipo nikakutana na kitu ambacho kilinitoa jasho.

Zile nyaya hazijasokotwa kwa urembo. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alisajili ubunifu wa kusokota nyaya mwaka 1881, na sababu ni ileile mpaka leo. Kila jozi inabeba ujumbe mmoja, waya huu unabeba ujumbe na mwenzake anabeba kinyume chake. Kelele za umeme zikija zinawapiga wote wawili sawasawa kwa sababu wamekumbatiana. Kule mwisho kifaa kinachukua tofauti kati yao, kelele inajifuta yenyewe.

Lakini ndani ya kichwa, jozi hazikai namba zilizofuatana zote. Namba 1 na 2 ni jozi. Namba 3 na 6 ni jozi. Katikati, 4 na 5 ni jozi, halafu 7 na 8. Mimi nilivyopanga, namba 3 alikuwa kijani na namba 6 alikuwa bluu. Watu wawili ambao hawajasokotwa pamoja wanalazimishwa kubeba ujumbe mmoja, kila mmoja anasafiri na mwenzake mwingine. Kwenye mita moja haionekani. Kwenye mita 30 na kitu, kelele inakula ujumbe.

Na testa? Testa ile ya bei rahisi inauliza swali moja tu: umefika? Haiulizi umesafiri na nani.

Asubuhi nikaenda. Wadau, kuna safari fupi ambazo ni ndefu. Nikamkuta anakunja madera. Nikasema, "Dada, dogo hana kosa. Kosa ni langu." Nikamwelezea yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Ulijua lini?" Nikasema usiku wa jana. Akasema, "Tengeneza kwanza. Tutaongea baadaye."

Nikakata vichwa vyote viwili, nikapanga upya, nikabana. Robo saa haikuisha. Alhamisi ile laivu ilikwenda saa mbili nzima bila kuganda hata mara moja. Elfu 80 yake nilirudisha kwa awamu tatu. Dogo alipigiwa simu, akarudi baada ya wiki mbili. Ananisalimia, lakini "kaka" haisemi tena.

Kwa hiyo kama unataka kutengeneza kebo nyumbani, tengeneza, siyo uchawi. Ila shika haya:

Shika kichwa ulimi wa plastiki ukiwa nyuma, meno yakikutazama, waya ukiingilia chini. Kutoka kushoto panga hivi: machungwa ya mistari, machungwa, kijani cha mistari, bluu, bluu ya mistari, kijani, kahawia ya mistari, kahawia. Pande zote mbili hivyohivyo.

Usisokotoe zaidi ya sentimita moja na kidogo. Ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe nalo, siyo nyaya zining'inie.

Kwaruza waya kwa wembe kabla hujanunua. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Na usivuke mita 100.

Mwisho, usiishie kwenye taa. Chomeka, tuma faili kubwa, lipime kweli. Na kama umeambiwa kazi yako ina tatizo, anza kukagua kazi yako kabla hujaonyesha kidole mtu mwingine. Kuna dogo alipanda basi la Korogwe kwa sababu mimi niliamini taa nane.

Dada kasoma hii kabla sijaiposti. Kasema niweke, ila jina lake nisithubutu. Dogo, kama unapita humu, nisamehe.

Haya wadau, nani mwingine alishawahi kumponza mtu kwa ufundi wa kubahatisha? Funguka hapo chini, jina kapuni.