Pro ya nini kama TV ni ile ile?

Wiki hii naomba tuongee mambo ya "gemu". Dada zangu mnaodhani hayawahusu msifunue ukurasa haraka, maana ukichimba sana hii ni habari ya pesa, na pesa inamhusu kila mtu.

Swali lenyewe ni hili: una mashine yako ya PS4 ya kawaida, inapiga mzigo, haina tatizo. Anakuja jamaa anakwambia achana na hiyo, toa mshiko, chukua PS4 Pro, picha yake ni 4K, usipime! Ukubali au umwambie akapumzike?

Kwangu mimi hili si swali la kuua muda kijiweni. Mimi na kaka yangu tuna kibanda cha gemu hapa Mlandege, Iringa, hatua chache kutoka sokoni. Tulianza na fremu moja, PS4 Slim moja, TV ya inchi 32 na benchi mbili. Jioni vijana wakitoka shule na kwenye mihangaiko yao wanakuja kutandikana mpira. Mechi moja Sh 300, na anayefungwa ndiye anayelipa. Akiba yetu ilikuwa imefika Sh 700,000. Lakini katika hizo, Sh 300,000 si zetu. Ni za mama, anayeuza nyanya hapo hapo sokoni. Alitukopesha kwa sharti moja tu: zirudi kabla ya mvua za Desemba, kwa sababu ndiyo hela yake ya mbolea.

Sasa braza wangu akapagawa na Pro. Kisa na maana? Kibanda kingine cha jirani walibandika tangazo la herufi nyekundu: "HAPA NI 4K". Toka siku hiyo halali!

"Dogo, wateja watahama wote," ananiambia. "Biashara ni kuuza sura. Sisi tutaonekana washamba."

Kuna mchuuzi akamletea bei ya Pro ya mtumba: laki saba kamili. Yaani akiba yote, na mbolea ya mama humo humo.

Kumkatalia mkubwa wako hivi hivi si adabu. Nikaona kwanza nijue hiyo Pro ni mdudu gani.

Kwa wale wasiojua, mashine za Sony zilikuwa zinakwenda kwa vizazi. PS2 ilitoka mwaka 2000, PS3 mwaka 2006, PS4 Novemba 2013. Katikati ya safari walikuwa wanatoa ile ile iliyopunguzwa mwili, kama PS2 nyembamba ya mwaka 2004, lakini nguvu haikubadilika. Mwaka 2016 ndipo walipobadili staili. Novemba 10 wakatoa PS4 Pro kwa dola 399, yenye nguvu ya kuchora picha zaidi ya mara mbili ya PS4 ya kwanza. Microsoft nao wakajibu Novemba 2017 kwa Xbox One X ya dola 499. Hivyo havikuwa vizazi vipya. Ni mashine zile zile zilizoongezwa misuli ili ziendane na TV za 4K zilizokuwa zinaingia madukani.

Na sikia hili: Sony waliwaambia watengenezaji kwamba kila mchezo unaochezwa kwenye Pro lazima uchezwe pia kwenye PS4 ya kawaida. Kwa hiyo ukinunua Pro hupati hata mchezo mmoja ambao mwenye PS4 ya kawaida hana. Unacholipia ni sura.

Haya, na sura yenyewe ikoje? Picha ya TV inaundwa na vidoti vidogo vidogo viitwavyo pikseli. TV ya Full HD ina vidoti 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda juu, jumla kama milioni 2. Ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, jumla kama milioni 8.3. Mara nne! Pro yenyewe mara nyingi haivichori vyote. Inachora baadhi, vingine inavijaza kwa hesabu, kwa mpangilio kama wa ubao wa drafti. Inapendeza, sikatai.

Tatizo ni kwamba vidoti hivyo vinatakiwa vipite kwenye waya, viingie kwenye TV, ndipo vifike machoni mwa mteja. Nikaigeuza TV yetu nikasoma karatasi yake ya mgongoni. Vidoti 1,366 kwa 768! Piga hesabu mwenyewe, ni milioni moja na kidogo. Maana yake hata PS4 yetu ya kawaida, inayotoa milioni 2, karibu nusu ya kazi yake ilikuwa haionekani. Ukiweka Pro pale, picha inabanwa mpaka ienee kwenye vidoti vile vile. Kingo za wachezaji zitalainika kidogo, basi.

Nikampelekea braza habari. Wala hakutikisika.

"Basi tununue na TV ya 4K," akasema.

Ama kweli, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Nikachukua futi ya fundi. Kutoka kwenye TV mpaka kwenye benchi la wachezaji ni mita 2. Jicho la mtu mwenye afya lina kikomo chake, na kikomo hicho kinapigiwa hesabu. Ukiwa na TV ya Full HD ya inchi 43, ukikaa zaidi ya kama mita 1.7, macho hayatenganishi tena kidoti na kidoti. Kwa inchi 32 ni kama mita 1 na robo. Sasa kama vidoti vya Full HD tayari vimeungana machoni, kuvigawa kila kimoja mara nne kunamsaidia nani? Kwa mita 2, labda uanze kufikiria TV ya inchi 55, na hiyo kwenye fremu yetu itabidi wateja wakae nje.

Maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hiyo tukafanya majaribio. Yule mchuuzi akatuachia Pro usiku mmoja. Tukazipanga mashine mbili chini ya TV, tukazifunika kwa kanga ya mama, waya zote mbili kwenye TV ile ile, mchezo ule ule na timu zile zile. Tukawaita vijana saba wanaoshinda pale kila siku. Kila mmoja akacheza kulia, akacheza kushoto, tukamuuliza ipi ni Pro.

Watatu wakasema ya kulia. Wawili wakasema ya kushoto. Mmoja akasema zote sawa. Wa saba, kadogo kuliko wote, akajikuna kichwa akasema:

"Braza, picha mimi sijui. Ila hii pedi ya pili inamkimbiza mchezaji wangu yenyewe."

Wenzake wakalipuka kama wako bungeni. Kumbe malalamiko yalikuwa kibao na yalikuwa yamewakaa rohoni siku nyingi! Kijiti cha pedi kimelegea. Kitufe cha kupiga shuti kinagoma. Foleni ni ndefu, mtu anasubiri saa nzima kwa mechi moja. Mwingine akasema TV ni "nzito", ukibonyeza inachelewa kujibu. Hiyo ya mwisho niliitibu bila kutoa hata senti. Nikaingia kwenye mipangilio ya TV, nikaiweka kwenye hali ya "Game", ambayo inapunguza ile kazi ya TV kuremba picha kabla ya kuionyesha. Ucheleweshaji ukapungua palepale.

Msomaji, turudi kwenye hela. Mechi ya dakika 12, ukijumlisha kuchagua timu na ubishi, inakula robo saa. Saa moja mechi nne. Jioni nzuri ya saa sita za foleni ni mechi 24, sawa na Sh 7,200. Ukileta Pro ya laki saba, mechi ni zile zile 24. Dakika 12 hazipungui kwa sababu nyasi za uwanja zimekolea. Hata mwendo wa picha hauna jipya, kwa sababu soka la EA kwenye PS4 ya kawaida lilikuwa tayari linakwenda kwa fremu 60 kwa sekunde.

Na LUKU je? Kiwango cha juu cha umeme kilichoandikwa kwenye PS4 Slim ni wati 165. Kwenye Pro ni wati 310. Si kwamba inakula kiasi hicho muda wote. Lakini hata tukisema tofauti halisi ni nusu tu, kwa saa 10 kwa siku ni zaidi ya uniti 20 kwa mwezi, na mteja halipi hata shilingi moja zaidi.

Nisije nikaonekana nina chuki binafsi na Pro. Kuna watu inawafaa. Kama una TV ya 4K kubwa tayari, unakaa karibu nayo, unacheza peke yako ile michezo ya hadithi yenye misitu na milima, na huna deni la mtu, chukua ule raha. Ila jua kwamba Pro ni ya mtumba, usije ukauziwa iliyochoka. Na kama kinachokuvutia ni zile rangi kali za HDR, PS4 zote ziliwezeshwa bure kwa programu mpya ya mwaka 2016. Unachohitaji ni TV inayozikubali.

Wimbo huo huo umerudi kwa PS5. PS5 ilitoka Novemba 2020, na Novemba 7, 2024 ikaja PS5 Pro kwa dola 700 kasoro senti moja. Kwa dola ya Sh 2,500 hiyo ni kama Sh 1,750,000 kabla ya usafiri na ushuru. Tena haina sehemu ya kuingizia CD, ukiitaka unainunua pembeni. Kwa sisi wa kuazimana CD, hapo ni kasheshe.

Kuhama kizazi ni kitu kingine kabisa, na hapo namuunga mkono braza. Michezo mingi mipya ya PS5 haichezeki kwenye PS4, iwe ya kawaida au Pro. Lakini mpira hauna haraka. FIFA ya mwisho ya PS2 ilikuwa FIFA 14, mwaka 2013. Ya PS3 ilikuwa FIFA 19, mwaka 2018. Na FC 26 ya Septemba 2025 bado ilikuwa na toleo la PS4. Siku mpira ukiihama PS4, mwenye ya kawaida na mwenye Pro watafungasha siku moja.

Hoja zote hizi nilimwaga, braza bado ananuna. Tukaenda kwa mama, maana mwenye hela ndiye mwenye kauli. Tulimkuta anachambua nyanya, zilizoiva huku, mbichi kule. Braza akaeleza 4K mpaka jasho likamtoka, na Iringa ilivyo na baridi! Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Mwanangu, hiyo mashine mpya wanacheza watoto wangapi kwa mara moja?"

"Wawili, mama."

"Na ile ya zamani?"

"Wawili."

Mama akarudi kwenye nyanya zake.

Tulinunua PS4 Slim nyingine ya mtumba kwa Sh 450,000, TV ya mkononi ya inchi 32 kwa Sh 180,000, na pedi mbili kwa Sh 70,000. Laki saba ikaisha. Sasa jioni zinakwenda mechi mbili kwa pamoja na foleni imepungua. Mashine ya pili nayo inakula LUKU, ila yenyewe inakuja na mteja wa kuilipia. Siku umeme ukikatika tunakaa tukiangaliana. Mpaka naandika hapa tumemrudishia mama Sh 180,000. Bado Sh 120,000, na mawingu yameanza kujikusanya, kwa hiyo msidhani nalala usingizi mzito.

Kwa hiyo wewe unayepapatikia Pro ya aina yoyote, kabla hujafungua pochi jiulize matatu. TV yangu ina vidoti vingapi? Nakaa umbali gani? Na hela hii ikienda kwenye pedi, TV au mashine ya pili, nani atafurahi zaidi? Ukipata majibu na bado unaitaka, nunua, ni jasho lako. Ila kama kuna mbolea ya mama ndani yake, muulize mama kwanza.

Tukutane wiki ijayo. Alamsiki.