Kwa Baiskeli hadi Pap Onditi: Pakia na Mbele

Je, umewahi kuitazama baiskeli yako wakati wa likizo ukajiuliza kama itakufikisha Pap Onditi, kule Nyakach, pamoja na nguo zako na sukari ya nyanya? Itakufikisha. Sharti ujue kupakia.

Kutoka Kisumu hadi Ahero ni kilomita zipatazo 25 za uwanda wa Kano, ambako utaona mashamba ya mpunga. Hapo unapinda kulia kufuata barabara ya Kisii hadi Katito, kisha unashika njia ya Kendu Bay. Neno "pap" kwa Kijaluo ni uwanda, na jina halidanganyi: milima ya Nyakach unaiona kando, lakini huipandi.

Safari yangu ya kwanza nilifunga kila kitu kwenye keria ya nyuma kwa mipira ya tyubu, na mfuko wa sukari nikauning'iniza kwenye usukani. Kabla ya Katito mfuko uliyumba ukanaswa na njiti za gurudumu la mbele. Nilirushwa juu ya usukani. Nilifika na goti lililochunika na robo ya sukari. Nyanya alilitazama goti, sukari hakuiuliza.

Mzigo wote ukiwa nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hucheza. Dawa yake ni keria ya mbele na mifuko miwili ya kando, mfano wa shogi la punda. Fundi wa jua kali anaweza kukuchomelea keria hiyo kwa nondo nyembamba. Mwambie miguu yake ifungwe kwenye ekseli na sehemu ya juu kwenye uma wa mbele. Isifungwe kwenye madigadi, maana hiyo haibebi kitu.

Mifuko ikae chini, karibu na ekseli. Iwe na uzito sawa: iinue yote miwili, mmoja kila mkono, nawe utajua. Sehemu ya chini ya kila mfuko ifungwe kwenye keria ili isikaribie njiti. Vizito zaidi viache nyuma, kwani mbele pakizidi uzito usukani hugoma kupinda.

Kisha jaribu. Pindua usukani kulia hadi mwisho, halafu kushoto. Mfuko usiguse fremu wala breki. Zungusha gurudumu usikilize kama kuna kinachokwaruza. Endesha mtaani ukiwa umepakia, ushike breki, uone baiskeli inasimama wapi. Itasimama mbali kuliko ulivyozoea. Ukifika Ahero, shuka ukaze nati zote, kwa maana mtikisiko huzilegeza.

Ondoka alfajiri. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea bara, na ukishapita Katito utakupiga usoni, nayo mifuko itaukamata kama tanga.

Wachuuzi wa samaki wa ufuo wa Kusa wanaofunga vikapu vyao kwa baiskeli hawana haraka ya kuondoka. Huvuta kila fundo mara mbili. Waige. Haraka haraka haina baraka, na nyanya anakungoja wewe, si sukari.