Cherehani ya Nyamityobora

Mimi ni mjane, mama wa watoto wanne, mkimbizi kutoka Rutshuru, Kongo. Mara mbili nimeombwa kusimama kanisani nitoe ushuhuda huu, na mara zote mbili nimetafuta sababu ya kubaki nimekaa. Aliyeniamsha ni mdogo wangu. Yeye alipata bahati ya kupelekwa Ujerumani, na usiku mmoja alinipigia simu akicheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa ametazama tamthilia kwenye televisheni ya huko: mama wa Kijerumani anafiwa na mumewe, anasafiri nchi ya mbali, anakuta marehemu alikuwa na siri za nyumba nyingine. "Dada, wamekuiga wewe," akaniambia. Nikamjibu kwamba yule alipanda ndege. Mimi nilipanda taksi tu, kutoka Base Camp ya kambi yetu ya Nakivale, hapa Uganda, na kabla ya adhuhuri nilikuwa mjini Mbarara.

Mume wangu alinitangulia kukimbia. Mwishoni mwa 2008, waasi wa Nkunda walipoiteka Rutshuru, tulipotezana. Yeye alivukia mpaka wa Ishasha, akapelekwa Nakivale, kambi ambayo ilikuwa inapokea wakimbizi tangu enzi za Wanyarwanda wa kwanza, kabla hata Uganda haijapata uhuru. Mimi na watoto tuliangukia Goma kwa shangazi yangu. Kwa miaka minne tulisikiana kwa simu za kuazima, na kuna mwaka mzima hatukusikiana kabisa. Naomba uukumbuke mwaka huo. Novemba 2012, waasi wa M23 walipoingia Goma, nilifunga vitu vyangu katika kitenge kimoja nikaondoka. Mwanzoni mwa 2013 nilikuwa Nakivale, mbele ya nyumba ya udongo yenye turubai juu, na mume wangu mlangoni amekonda.

Alitupokea vizuri. Kusema kweli hakuwahi kunipiga, na watoto walisoma. Kazi yake ilikuwa kuuza vitenge Mbarara: anaondoka Jumatatu alfajiri, anarudi Ijumaa jioni na vumbi hadi kwenye nyusi. Kwa ajili hiyo nilijiona mwanamke aliyebarikiwa kuliko wenzangu. Nilikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Jirani mmoja alipofiwa, na mtoto wa nje wa marehemu akaja matangani, mimi ndiye niliyesema asikae mkekani na wenzake. Mtoto wa miaka kama tisa. Alikaa kwenye tofali karibu na jiko, nami nikampelekea sahani yake pale, nikijiona nimefanya wema.

Mume wangu alifariki 2019. Presha. Alianguka Jumamosi, Jumapili tukamzika. Usiku wa tatu wa matanga simu yake ikalia. Jina liliandikwa "Fundi Mbarara". Nikapokea, na sauti ya mwanamke ikasema, "Baba, mbona kimya? Watoto wanakuuliza."

Sitakudanganya kwamba nilishangaa. Dalili nilikuwa nazo. Mashati yake yalirudi yameshonwa vifungo, nami vifungo hivyo sikuvishona. Niliyaona, nikayakunja, nikayaweka sandukuni. Basi nilimjibu yule mama, "Unayemtafuta tumeshamzika," nikakata simu na kuizima. Hivyo ndivyo alivyopata habari ya msiba wake. Kati ya yote niliyofanya, hilo ndilo ninaloliombea msamaha hadi leo, hata asubuhi ambazo sijakumbuka kuomba mengine.

Baada ya wiki mbili nilikwenda na mashemeji zangu wawili. Tuliuliza kwa watu wa vitenge, wakatuelekeza Nyamityobora, upande wa ule msitu wenye jina hilohilo. Alikuwa amepanga muzigo, chumba kimoja, pazia katikati. Tulimkuta mlangoni anashona sare za shule. Watoto wawili. Yule mdogo wa kike aliitwa jina la mama mkwe wangu. Jina hilo mume wangu alinisihi nimpe binti yetu, nikakataa kwa sababu mama mkwe hakunipenda. Hapo ndipo nilipowaka.

Yule mama alijaribu kusema. Alisema mwanaume yule alimwambia mke na watoto wake wamekufia Goma. Sikumwacha amalize. Mashemeji walisema cherehani ni mali ya marehemu, wakaishika. Hakupiga kelele. Aliinua mguu wa cherehani, akatoa sketi iliyokuwa nusu chini ya sindano, akakata uzi kwa meno, akasogea pembeni. Tukaibeba. Kondakta aliifunga juu ya taksi kwa kamba za mpira, na njia yote kurudi nilisikia gurudumu lake likizunguka lenyewe kila tulipopita shimo.

Aprili 2020 chakula cha msaada kilipunguzwa kwa asilimia 30, na korona ilikuwa imefunga usafiri. Niliiuza cherehani kwa shilingi 250,000. Tuliila: posho, maharage, sabuni. Haikumaliza miezi mitatu.

Mwaka uliofuata kijana wangu wa tatu alishikwa na tumbo. Taifodi ilikuwa imetoboa utumbo, akapasuliwa hospitalini Mbarara. Wewe uliyewahi kuuguza huku unajua: mgonjwa hupikiwa na wa kwake, na wa kwake hulala chini kando ya kitanda. Mimi Mbarara sikuwa na mtu. Siku mbili nilikunywa maji ya bomba. Siku ya tatu, nikiwa nimejikunja kwenye kanga yangu, nikaona miguu ya mwanamke imesimama, na kando yake chupa ya uji.

Nilimtambua kabla sijainua macho. Nilidhani amekuja kunicheka.

"Kondakta ameniambia," akasema. "Kula kwanza, dada."

Nilikula. Sikumshukuru, kwa sababu midomo haikufunguka kwa jambo jingine zaidi ya uji. Alirudi jioni, akarudi kesho yake, akaja siku kumi na moja. Alimfulia mwanangu mashuka. Alikuwa anashona kwa cherehani ya mtu mwingine, kwa malipo ya nguo moja moja, na kila saa aliyokaa wodini ilikuwa nguo ambayo hakushona.

Siku ya nane nilimuuliza cherehani ile ilitoka wapi. Alisema aliinunua 2010, kwa zamu yake ya mchezo wa akina mama, kabla hajamjua mume wangu. Mtaji wa vitenge ulipoisha, cherehani ndiyo iliyotoa karo ya watoto wangu. Mume wangu alimwambia ni watoto wa marehemu kaka yake. Nikahesabu kidole kwa kidole: mihula tisa. Sare za wanangu, zile nilizomsifia mume wangu mbele ya akina mama wenzangu, zilikuwa zimeshonwa na mikono hii inayokunja shuka mbele yangu.

"Nimeiuza," nikamwambia.

"Najua," akasema, akaendelea kukunja.

Ningependa kuandika kwamba nilipiga magoti palepale. Sikupiga. Nilirudi Nakivale na aibu, na aibu yangu ikageuka hasira kwa marehemu. Nilikuwa napita karibu na kaburi lake bila kugeuza shingo. Nilimwomba Mungu anitolee yule mwanamke moyoni, akawa haondoki. Mchungaji alinishauri nisamehe, nikamjibu mimi si wa kusamehe, mimi ni wa kusamehewa, na huko ndiko nilikoshindwa kwenda. Ilichukua miezi saba.

Desemba nilipanda taksi tena. Safari hii nilipiga magoti, mlangoni, wapita njia wakitazama. Aliniambia niinuke nisichafue kitenge. Alikuwa na ombi moja tu: aonyeshwe kaburi.

Tulikwenda naye na watoto wake. Mdogo aling'oa nyasi kuzunguka msalaba, bila kuambiwa na mtu. Jioni nilitandika mkeka, nikawakalisha watoto sita wa mume wangu sahani moja, na akina mama wa kanisa wakaja kuona. Baadhi hawajanisalimu vizuri tangu siku hiyo. 2022 tulisikia redioni kwamba Bunge la Kampala limerekebisha sheria ya mirathi, na kwamba mtoto wa ndani ya ndoa na wa nje sasa ni sawa mbele yake. Nilimkumbuka yule mtoto wa kwenye tofali. Nilimtafuta. Familia yake ilishahamia kambi nyingine.

Ndugu yangu, huenda nawe una mashati uliyokunja ukayaweka sandukuni. Huenda simu ya marehemu bado inalia. Nakuomba usiizime. Mpokee anayepiga, mwambie taratibu, na umwambie mahali pa kaburi.

Watoto wa Nyamityobora sasa wananiita mama mkubwa. Kila mwisho wa mwezi namtumia mama yao hela kwa simu, elfu kumi, wakati mwingine elfu tano. Yeye husema niache, nami sijaacha. Imebaki elfu sabini.