Shimo la choo, si shimo la mawe

Usiku mmoja wa mwezi wa pili, mvua ikinyesha, bibi mwenye miaka zaidi ya sabini aliteleza katika tope akienda chooni. Choo kiko mwisho wa lupango, hatua kama arobaini kutoka mlangoni, na jamaa yake inakitumia pamoja na wapangaji. Alibaki chini mpaka binti yake aliposhtuka na kuona kitanda kitupu. Mguu haukuvunjika. Lakini toka usiku ule Nkambo, kama wajukuu wanavyomwita, aliacha kunywa maji jioni. Alisema afadhali kiu kuliko tope.

Jamaa hii inaishi pembezoni mwa mji wa Kolwezi. Zamani walikaa katikati ya mji, karibu na machimbo, katika nyumba yenye bomba na choo cha ndani. Walipohamishwa, malipo waliyopewa yalitosha kununua nyumba ya vyumba vitatu, bila maji wala umeme. Hawako peke yao. Mwezi wa tisa 2023, Amnesty International na shirika la IBGDH walitoa ripoti ambamo watu waliohama Cité Gécamines, hapa Kolwezi, walieleza jambo kama hilo: feza hazikutosha kupata nyumba kama ile waliyoiacha.

Kiangazi kilipofika, udongo ukiwa mkavu, binti wa Nkambo, mama wa watoto watano anayeuza unga sokoni, aliita fundi. Alitaka choo cha pili, cha ndani, kando ya chumba cha mama yake. Aliuliza kama inawezekana bila bomba.

«Inawezekana, Mama,» fundi akajibu. «Ndoo ndogo ya maji inatosha kusukuma uchafu. Kazi kubwa iko inje.»

Akaeleza. Chini ya kiti cha choo kuna tiyo iliyopindwa kama shingo ya bata. Maji yanayobaki pale ndiyo yanazuia harufu isirudi nyumbani. Kutoka pale tiyo pana inateremka taratibu, sentimita mbili kwa kila mita, mpaka kwenye shimo lililojengwa kwa matofali na simenti. Uchafu mzito unabaki mule, na maji yanapita kwenye shimo la pili, ambamo yanazama katika udongo. Tiyo nyingine inapanda juu kupita mabati, ili hewa mbaya itoke.

Tatizo la kwanza lilikuwa kisima cha jirani. Shimo la choo linapaswa kuwa mbali na kisima, angalau mita 30, na chini yake lisikaribie maji ya ardhini. Bila hivyo, jamaa moja inapata choo na jamaa nyingine inapata kipindupindu. Pale fundi alipochora kwanza, kamba ya kupimia ilionyesha mita 17 tu. Jirani, mzee mtulivu, alisema: «Binti yangu, sikukatazi. Lakini kile kisima kinanywesha lupango nne.» Shimo likahamishiwa mbele, upande wa barabara, mita 31. Tiyo zikaongezeka, na feza za unga zikapungua.

Tatizo la pili lilikuja siku ya tatu ya kuchimba.

Mtu wa mji mwingine hawezi kuelewa, lakini kwa Kolwezi shimo la choo si jambo dogo. Mwaka 2014, katika kartie ya Kasulo, mtu alichimba nyuma ya nyumba yake. Kufwatana na alivyowaambia majirani, lilikuwa shimo la choo kipya. Alipopita mita mbili hivi, akagonga jiwe la heterojeniti, lile lenye kobalti. Habari ikaenea. Watu wakachimba katika lupango zao, wengine hata ndani ya nyumba, chini ya sakafu wanakolala watoto. Wako waliopata feza, na wako waliofukiwa na udongo. Mwaka 2017 serkali ya jimbo la Lualaba ikatenga sehemu ya Kasulo iwe machimbo, na mamia ya jamaa wakahamishwa.

Kwa hiyo siku ile ya tatu, vijana watano walisimama kando ya rundo la udongo, wakichambua mawe kwa vidole. Jioni shefu wa kartie alifika na daftari. Na usiku ndugu mdogo wa huyu mama akaleta mashauri: kuna watu tayari kulipa, washuke mita chache tu, kisha wagawane.

«Yaya, labda Mungu ametupa,» alisema.

Mama alijua sheria ya madini: mwenye lupango hana haki juu ya mawe yaliyo chini, ni mali ya serkali. Lakini hakujibu kwa sheria. Alimwonyesha mlango ambao nyuma yake mama yao alikuwa amelala.

«Shimo hili ni la yule. Tulikwisha kuhamishwa kwa ajili ya mawe mara moja. Unataka tuwaite wenyewe?»

Asubuhi aliwaita majirani wote waje kuangalia ndani ya shimo. Waliona udongo mwekundu na mizizi ya mwembe. Shefu wa kartie akaandika katika daftari yake neno «choo», akaenda. Siku ileile matofali yakaanza kupangwa, kabla mtu mwingine hajawa na wazo.

Kazi ilimalizika katikati ya mwezi wa nane. Chumba ni kidogo, mlango unafunguka inje ili mtu akianguka ndani aweze kusaidiwa, na ukutani kuna chuma cha kushikilia. Fundi alitaka kukiweka juu. Nkambo mwenyewe aliamuru kiteremshwe, akapima kwa mkono wake.

Mama huyu amehifadhi risiti za simenti na tiyo katika mfuko wa plastiki, pamoja na picha za shimo, za kiti na za ukuta. Kule walikotoka, siku ya kuhesabu mali, hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema mtu hanyanganywi mali yake bila malipo ya haki yanayotangulia. Na kifungu cha 48 kinatambua haki ya nyumba inayofaa. Jamaa zinazojenga upya zingefanya vema kutunza risiti na picha kama yeye, hata za choo.

Ndugu yake bado anapita mara kwa mara kando ya kifuniko cha simenti, anakitazama, ananyamaza. Nkambo ameanza tena kunywa chai jioni. Vikombe viwili.