Jicho Jekundu na Mgongo Mgumu: Huenda Ni Habari Moja



Leo tunaandika juu ya mdogo wetu, kwa idhini yake. Aliolewa Singida, katikati ya bara, kwenye upepo mkali na mashamba ya alizeti. Sisi dada zake tulikuwa tukipokezana kuvuka bahari kwenda kumtazama. Tuliyoyaona huko tumeona tuwaambie, khasa nyinyi mnaojitayarisha kuingia nyumba mpya.

Ulianza mgongo. Akiamka alfajiri kiuno kimekaza kama ubao. Rukuu ilikuwa mtihani, na kuinuka kutoka sijda mpaka ashike ukuta. Usiku wa manane maumivu yalimwamsha, leo tako la kulia, kesho la kushoto. Lakini akishachota maji, akafagia na kupika chai, ikifika saa nne yuko mzima anacheka. Basi ukweni wakaanza kunong'ona kuwa biharusi huyu anapenda kulala. Mgonjwa gani wa mgongo anayepata nafuu kwa kufanya kazi?

Wapenzi, hapo ndipo penye dalili yenyewe. Mgongo uliochoshwa na mzigo hutulia ukipumzika. Mgongo wenye baridi yabisi ya uti hukaza ukilala na hulegea ukijongea. Katika maradhi haya kinga ya mwili hushambulia pingili za mgongo na pale uti unapokutana na nyonga. Mara nyingi huanza kabla ya umri wa miaka 45, na wanawake huchelewa kutambuliwa kuliko wanaume.

Mwaka wa pili likaja jicho. Moja tu, la kushoto: jekundu, linauma kwa ndani, mwanga wa dirishani haustahamiliki, na akifungua msahafu herufi zina ukungu. Singida na jirani yake Dodoma zinajulikana tangu zamani kwa trakoma, kwa hivyo wengi walisema ni trakoma. Wengine wakasema vumbi, moshi wa kuni, kijicho cha watu. Dawa ya kuua vijidudu ilitiwa siku kadhaa, jicho likabaki vile vile.

Mgongo ulikuwa na maelezo yake, jicho lina yake, na kila moja lilitosha. Ndiyo maana hakuna aliyeviunganisha, mpaka daktari wa macho alipomaliza kumpima kwa mashine yake akauliza, "Na mgongo, asubuhi unakusumbua?" Tukatazamana.

Akatueleza kuwa hii ni uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, kwenye ile duara yenye rangi inayozunguka mboni. Katika kila watu wanne wenye baridi yabisi ya uti wa mgongo, takriban mmoja huipata wakati fulani wa maisha yake. Kwa wengine jicho ndilo linalofichua mgongo. Ikicheleweshwa, mboni hugandana na lenzi, na huweza kuleta mtoto wa jicho au presha ya jicho.

Tangu mwaka 1973 inajulikana kuwa maradhi haya yanahusiana na alama ya kurithi iitwayo HLA-B27. Alama hiyo ni adimu kwa Waafrika, hivyo kipimo chake kikikosa kuiona, bado maradhi yanaweza kuwepo.

Mdogo wetu alipewa matone ya steroidi na mengine ya kupanua mboni, akatumwa Dodoma kupigwa picha ya nyonga. Sasa ana vidonge vya kupunguza uvimbe na mazoezi ya kila siku. Mgongo haujapona kabisa, lakini jicho linaona. Mama mkwe, aliposikia maelezo, ndiye anayemkumbusha mazoezi.

Mabiharusi, shikeni haya. Jicho likiwa jekundu na linaogopa mwanga, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, na wanja usitiwe hata kama harusi ni kesho. Usijinunulie matone ya steroidi dukani, kwani yanaweza kupandisha presha ya jicho. Ukiwa mjamzito au unatarajia, mwambie daktari, maana baadhi ya dawa za mgongo hazifai katika mimba. Na Ramadhani isikufanye uache matone: kwa madhehebu yetu ya Shafi, tone la jichoni halivunji swaumu. Kusimama kukikushinda, dini imekuruhusu kusali umeketi.

Na ukiulizwa unaumwa nini, usitaje jicho peke yake. Sema na mgongo unavyoamka.

Mungu awaafu wagonjwa wetu wote. Ameen.