Tulistaafu, tukapanda treni ili tufahamiane

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa mwaka 1989. Ukijumlisha siku zote tulizolala chini ya paa moja hadi nilipostaafu Desemba 2022, hazifiki miaka saba. Tulikuwa walimu wote wawili. Yeye alipangiwa Tarime, kwao. Mimi nikapangiwa Serengeti, shule moja nje kidogo ya Mugumu, na barua nilizoandika kuomba uhamisho zingejaza sanduku. Katikati yetu palikuwa na Mto Mara na barabara ya vumbi inayopita Nyamongo. Masika yakikolea, mwezi mzima ulipita hatujaonana. Watoto watatu tuliwalea hivyo hivyo: shule ya msingi kwangu, sekondari kwa baba yao, na likizo sote Tarime.

Najua wanaosoma hapa na wanaishi hivyo ni wengi, walimu, wauguzi na askari. Mnaambiwa vumilieni, mkistaafu mtapumzika pamoja. Nami niliamini hivyo.

Nilipohamia Tarime Januari 2023 nilikuta nyumba ya mwanaume aliyezoea kuishi peke yake. Birika lina mahali pake. Redio inawashwa saa 11 alfajiri, sauti juu, kwa kuwa hapajawahi kuwa na mtu wa kumwambia apunguze. Yeye naye alishangaa kuona napiga komeo mlango wa chumbani kila usiku, na kwamba nasahihisha Kiswahili cha watu hata wakiwa wanakula. Sisi huitana "Mwalimu", yeye kwangu na mimi kwake. Kufikia Machi neno hilo lilikuwa likitamkwa kwa namna ambayo hata ng'ombe zizini walijua hali si shwari.

Wakati huo huo binti yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alikuwa amejifungua mtoto wa pili na wadada wa kazi hawakai. Akapiga simu: "Mama, si umeshastaafu? Njoo ukae na mimi, hata miaka miwili tu." Nikaanza kukunja nguo. Sikuona ubaya, bibi kulea mjukuu ni jambo la heshima kwetu. Mwalimu akasimama mlangoni akaniangalia nikikunja, kisha akasema: "Serikali imekaa na wewe miaka zaidi ya 30. Sasa imekuja zamu ya mtoto. Mimi zamu yangu lini?"

Sikuwa na jibu. Siku mbili baadaye akaja na habari ya treni.

Mume wangu alifundisha jiografia. Alichora reli ubaoni mwaka baada ya mwaka, katika mkoa ambao hauna hata kilomita moja ya reli, na yeye mwenyewe alikuwa amepanda treni safari moja tu, akitoka Mwanza kijana. Alitaka twende Kenya, tukae huko miezi miwili na ushee, tuzunguke kila inakofika treni ya abiria. Kwa nini Kenya? Kutoka Tarime hadi mpaka wa Sirari ni mwendo mfupi wa daladala, Kehancha tuna ndugu kwa sababu Wakurya tuko pande zote mbili, na treni ya SGR ya kwetu ilikuwa bado haijaanza kubeba abiria. Ya Dar es Salaam hadi Morogoro ilianza Juni 2024.

Watoto walikasirika. Kijana wetu wa Mwanza alisema hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba fedha ya kiinua mgongo ingemalizia nyumba. Kikokotoo mnakijua, sina haja ya kueleza kilichobaki. Tuliuza madume mawili, hatukugusa benki. Julai 2023 tukagongewa mihuri Sirari, tukavuka Isebania, tukaunganisha matatu za Migori hadi Kisumu.

Treni ya Kisumu ni ile ya zamani, ya reli nyembamba, iliyorudishwa Desemba 2021 baada ya miaka mingi bila abiria. Iliondoka Jumapili jioni. Nilidhani tutalala. Kumbe Mwalimu alikuwa na somo: Waingereza walianza kuijenga reli hii Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, wakati Nairobi haijawa mji, na ikagusa ziwa Desemba 1901. Waliletwa zaidi ya vibarua 31,000 kutoka India, na karibu 2,500 walikufa. Muhoroni tulipita kukiwa giza. Kufika Mau, ambako reli inapanda zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, baridi ilitupata kweli. Watu wa Tarime tunajua baridi, lakini ile ilikuwa na meno. Tulikuwa na blanketi moja. Tulijifunika wote wawili tumekaa wima, na yeye hakuwa na redio. Akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza: ilikuwaje usiku ule wa mwaka 1996 mtoto wetu wa pili alipougua malaria, mimi peke yangu, mto umefurika.

Nikamwambia. Ilichukua hadi karibu na Nakuru.

Nairobi hatukukaa sana. Mji ule unakula fedha. Tulipanda ya Nanyuki, ambayo huenda Ijumaa na kurudi Jumapili, ikipita Thika, Sagana na Karatina. Asubuhi tuliuona Mlima Kenya kwa dakika chache kabla mawingu hayajaufunika. Tulipiga picha kwenye kibao cha Ikweta. Hayo yalikuwa mazuri, basi.

Safari ya Mombasa ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Kituo cha SGR kiko Syokimau, nje ya mji, na kabla ya kuingia unapanga mabegi yako chini kwenye mstari, mnasogea pembeni, mbwa wanakuja kunusa. Mwalimu alikuwa na dagaa wa Musoma kwenye begi. Mbwa alisimama pale muda mrefu kuliko kwa wengine. Nauli wakati huo ilikuwa shilingi 1,000 za Kenya kwa daraja la kawaida, kama 17,000 za kwetu, ikapandishwa mwanzoni mwa 2024. Tiketi inakatwa kwa simu na kulipiwa kwa M-Pesa ya Kenya, hivyo ndugu yetu wa Kehancha ndiye aliyekuwa akitukatia.

Daraja hilo viti vinatazamana, meza ndogo katikati, magoti yanagongana. Tulichukua treni ya asubuhi inayosimama vituo vyote: Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi. Ukiwa umenuna huna pa kuangalia isipokuwa dirishani au usoni mwa mwenzako. Tsavo abiria walikimbilia upande mmoja kuona tembo, wekundu kwa udongo wa huko. Mimi sikunyanyuka. Tembo wa hifadhini wamekula mahindi yangu Serengeti misimu mitatu, nimepiga debe usiku kucha kuwafukuza. Sina haja ya kuwalipia nauli. Mwalimu alicheka hadi jirani yetu akauliza kuna nini. Hakuwa akijua habari ya mahindi. Sikuwahi kumsimulia, kwa sababu wikiendi zilikuwa za ada na dawa za ng'ombe.

Tulipanga chumba Likoni, ng'ambo ya feri, kwa mwezi. Asubuhi mahamri na mbaazi. Mimi niliyefundisha Kiswahili maisha yangu yote nilimsikia mama mwenye nyumba akisema "mtoto yualia", "mgeni yuaja", nikanyamaza nisahihishe nini. Mwalimu aliyaona hayo akafurahi kupita kiasi.

Wiki ya tatu binti akapiga. Dada ameondoka usiku, yeye likizo ya uzazi imekwisha, njoo kesho. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mtoto wako akilia simuni, hata akiwa na miaka 32, tumbo linakata. Mwalimu alikuja akakaa, na kwa mara ya kwanza hakutoa somo. Alisema, "Ukienda nitakusindikiza hadi basi. Lakini ukinuliza kama nataka uende, sitaki."

Nilimwambia binti nitakuja Novemba, siyo kesho, na nitakuja na baba yako. Alikata simu. Siku nne hakupokea. Wapo watakaonilaumu, na wengine wana haki zao. Mtoto mchanga hangoji. Mama wa mkwe wetu alitoka Singida akashika zamu, na mwezi uliofuata akapatikana dada mwingine, ambaye bado yupo. Nilichokuwa nakipima pale kwenye ngazi ni kwamba nikiondoka bila mume wangu safari hii, hakuna tarehe ya kustaafu itakayoturudisha.

Novemba tulikwenda. Ikazuka shida ambayo hatukuifikiria Mombasa: kwa mila yetu, baba mkwe kulala nyumba ya mkwe wake ni jambo zito, na Mwalimu hata kwenye treni alikuwa anasema atalala msikitini ikibidi, wakati yeye si Mwislamu. Mkwe mwenyewe ndiye aliyetafuta chumba cha uani kwa jirani, geti la pili. Mchana nilikuwa na wajukuu, jioni nikirudi chumbani kwetu. Mkubwa alizoea kuja kumfuata babu amchoree treni. Tulikaa wiki sita tukarudi Tarime pamoja.

Redio sasa inawashwa saa 12. Komeo bado napiga. Mwalimu anadai mwakani ni Zambia, kwa TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, na ameshaanza kuangalia dume lipi limenona. Nimemwambia blanketi ziwe mbili. Amekataa.