Mita Moja Kutoka Shimoni

Jumamosi, 8 Februari 2025. Nyamache, usiku

Shimo la tatu pale Kisii limenikataa mara mbili leo. Uwanja wetu wa gofu una mashimo tisa, kwa hivyo anayetaka kumi na nane huuzunguka mara mbili, na lile lililomuumiza asubuhi hulikuta tena saa sita mchana likiitwa la kumi na mbili. Mzunguko wa kwanza mpira wangu ulikuwa umebaki hatua moja. Nikausukuma, mkono wa kulia ukashtuka, uso wa fimbo ukafunga, mpira ukapita kushoto mwa shimo. Mzunguko wa pili umbali ulikuwa karibu ule ule. Nikakaza vidole ili uso usifunge, mpira ukaenda kulia.

Kipigo cha mita mia moja na hamsini nakipiga nikiwa nimetulia. Hiki cha mita moja, ambacho mtoto wa darasa la pili angekitia, kinanitoa jasho, na kadi inavihesabu sawasawa, kimoja kwa kimoja. Nataka kukielewa. Nimenunua daftari hili kwa kazi hiyo tu.

Kedi wangu, mzee aliyeanza kubeba mifuko pale nikiwa bado mwanafunzi, hakusema kitu mpaka tulipoagana stejini. "Mwalimu, unainua kichwa mapema. Mpira haujatoka, wewe tayari uko shimoni."

Jumatano, 12 Februari

Leo nimewapa Kidato cha Tatu hesabu ya pembe bila kuwaambia ni ya nani. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, kipimo kilichowekwa na wakuu wa mchezo kule St Andrews mwaka 1891, na hakijabadilika. Mpira ukifika taratibu, shimo litaumeza maadamu katikati yake haijatoka nje ya ukingo. Una milimita 54 kushoto na 54 kulia. Kwa umbali wa mita moja, hiyo ni nyuzi tatu kila upande. Kwa mita tatu ni nyuzi moja tu.

Msichana mmoja wa dawati la mbele alichora nyuzi tatu kwa kipimapembe, akatazama, akasema, "Mwalimu, hiyo ni barabara." Kweli ni barabara. Ila huwa nyembamba kadiri unavyopiga kwa nguvu, kwa sababu mpira wa kasi unaruka ukingo ambao ule wa polepole ungeangukia. Hapo ndipo mshtuko wa mkono unaponiumiza mara mbili: unageuza uso wa fimbo, na papo hapo unaongeza kasi.

Jambo jingine la kunituliza. Wachezaji wa kulipwa wa Marekani, ambao vipigo vyao hupimwa kila wiki, hutia karibu vyote vya futi tatu, yaani chini kidogo ya mita moja. Kwa futi tano hutia kama vitatu katika kila vinne. Kwa futi nane, nusu. Nusu! Na mimi nimekuwa nikijilaumu kwa vya mita mbili na nusu kama mtu aliyeangusha sufuria ya chakula cha wageni. Lawama hiyo naifuta leo. Kazi yangu iko ndani ya mita moja na nusu.

Jumapili, 23 Februari

Nimeshinda mjini hapa Nyamache, kwenye hoteli yenye televisheni, nikitazama siku ya mwisho ya Kenya Open kutoka Muthaiga. Mwenye hoteli alinivumilia. Wateja walitaka mpira wa miguu. Bingwa ni Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini. Mashindano haya yalianza mwaka 1967, na Seve Ballesteros aliyatwaa mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka ishirini tu.

Sikufuatilia alama. Nilitazama vipigo vifupi peke yake, na nilichokiona ni hiki: wengi wao, hata mpira ukiwa umebaki hatua moja, hufanya yale yale waliyofanya ulipokuwa hatua kumi. Anakwenda nyuma ya mpira, anachagua mahali, anasimama, anatazama shimo, anarudisha macho kwenye mpira, anapiga. Hana mwendo wa harakaharaka wa kumaliza shughuli. Kichwa kinabaki chini mpira ukiwa tayari umeondoka.

Kuhusu macho hayo kuna utafiti. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary alianza zaidi ya miaka thelathini iliyopita kupima mahali wanapotazama wachezaji gofu wanapopiga, akaona kwamba walio bora hulituliza jicho kwenye mpira kwa sekunde mbili hivi kabla ya kupiga, na hulibakiza pale pale muda mfupi baada ya mpira kutoka. Wasio na ustadi macho yao hurukaruka. Mzee wangu wa Kisii hajasoma utafiti wowote, lakini alinieleza jambo hilo hilo kwa maneno machache.

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimelishika jambo ambalo nadhani ndilo lenyewe.

Tulikuwa wanne, tukicheza wawili kwa wawili. Mpira wangu ukakaa karibu na shimo, kama urefu wa fimbo. Nikaanza kuinama. Mmoja wa wapinzani wetu akasema, "Chukua." Nikauokota. Shimo lililofuata nami nikamwambia yeye, "Chukua." Ndivyo ilivyokwenda hadi mwisho. Ni adabu, na katika mchezo wa kushindana shimo kwa shimo sheria inaruhusu: unaweza kumpa mpinzani kipigo chake. Tunapeana kwa sababu tunapendana, na kwa sababu mawingu ya mchana ya Gusii hayangoji mtu.

Kisha inakuja siku ya mashindano ya mwezi, kila kipigo kinahesabiwa na kila mpira lazima uingie. Hapo hakuna wa kukuambia chukua. Nasimama mbele ya kipigo ambacho wiki nzima nilisamehewa. Nilikuwa nikidhani nina ugonjwa wa kipigo nilichokizoea, kumbe ni kipigo ambacho sikipigi. Jumamosi zote tunafanya mazoezi ya kila kitu isipokuwa hicho, halafu tunashangaa mkono unapokiona kigeni.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua tangu saa nane. Wachuma chai walipita mbio na vikapu mgongoni kuelekea kituo cha kuuzia majani kabla lori la kiwanda halijaondoka. Nimebaki barazani.

Nimepata njia ya mazoezi na naiandika kwa sababu inafanya kazi. Baraza letu ni la saruji iliyolainishwa. Nimechora mstari wa chaki kwa rula ndefu ya darasani, wenye urefu wa mita moja na robo hivi, mnene, nikapaka chaki juu yake mpaka ukakaa kama unga. Mpira naulaza juu ya mstari, nausukuma ufuate chaki. Ukibiringika sawasawa, unafika mwisho ukiwa na pete moja nyembamba nyeupe iliyouzunguka mpira wote. Uso wa fimbo ukifunga au ukifunguka, mpira unaacha mstari, na pete inakatika. Unauinua, unausoma. Huhitaji mtu wa kukuambia. Mwanzoni nilikuwa na vipande vya pete tu. Sasa pete kamili zinakuja, hasa nikishika fimbo kwa mkono wa kushoto chini na wa kulia juu, kinyume na nilivyofundishwa. Ule wa kulia ndio ulioshtuka. Ukikaa juu hauna pa kusukumia.

Kubadili mshiko si aibu. Bernhard Langer wa Ujerumani alitetemeka kwenye vipigo vifupi akiwa tayari mchezaji mkubwa, zaidi ya mara moja. Alijaribu mkono wa kushoto chini. Baadaye akawa anaibana fimbo kwenye mkono wa mbele wa kushoto, akiushika mkono huo na fimbo kwa pamoja kwa kiganja cha kulia, jambo ambalo halikupendeza macho. Alitwaa Masters mwaka 1985 na tena 1993. Sam Snead, aliyekuwa na mapigo mazuri kuliko karibu wote wa zama zake, alifikia kuupanda mstari, mguu huku na mguu huku, na kuusukuma mpira katikati ya miguu. Mwaka 1968 mtindo huo ulipigwa marufuku, akahamia kusimama pembeni. Hawa si watu waoga.

Nalisisitiza neno hilo kwa sababu pale klabuni tunasema upesi, "Huyo anaogopa." Watafiti wa Mayo Clinic wamelichunguza tatizo hili, wakaona lina sura mbili: wengine ni wasiwasi unaowakaza, na wengine ni misuli yenyewe inayojikunja bila amri, kama inavyowatokea baadhi ya waandishi na wapiga ala waliorudia tendo moja miaka mingi. Wako pia walio na vyote viwili. Kumwambia mtu wa aina ile ya pili ajikaze ni kumwongezea shida. Yangu nadhani ni ya kwanza, maana barazani mkono unatulia.

Jumamosi, 22 Machi

Mshiko mpya, Kisii. Vipigo virefu viliharibika kidogo, sijui kupima nguvu. Vifupi vilikwenda vizuri. Niliwaomba wenzangu wasinipe. Wakacheka, kisha wakasahau, wakanipa.

Jumatatu, 14 Aprili

Shule zimefungwa, kwa hivyo nimeweza kwenda Kisii siku ya Jumatatu, ambayo makedi hucheza wao wenyewe. Mzee alinikaribisha. "Karibu, Mwalimu. Leo wewe ndiye mgeni."

Baada ya mzunguko walikusanyika kwenye grini wakawa wanashindana kwa sarafu, kutoka umbali wa fimbo moja, kisha moja na nusu. Kijana mmoja ana fimbo yenye mpini uliofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hakuna aliyesema chukua. Shilingi kumi iko chini, nani atakupa? Kila mpira ulisubiriwa mpaka uanguke, na mara nyingi ulianguka. Nilimtazama yule kijana kwa karibu: anapumua nje, vidole vyake vimelegea hata unaona fimbo ikicheza kidogo mkononi, halafu anapiga na sikio limeinama. Nikamuuliza anasikiliza nini. "Nasikiliza ikianguka, Mwalimu. Nikitazama naharibu."

Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wetu wa kulipwa walioshinda sana, alianza kwa kubeba mifuko kule Mumias. Kwa muda mrefu nilidhani makedi wanaoinuka hivyo wana kipaji tu. Leo nimeona shule yao. Kipigo kifupi kwao ni pesa ya chakula cha jioni, na wanakipiga kila Jumatatu hadi mwisho.

Nilipoteza sarafu zangu zote isipokuwa nauli.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekuwa nikifikiria vipigo viwili vilivyokoseka mbele ya dunia nzima. Doug Sanders, St Andrews, 1970: shimo la mwisho la Open, chini ya mita moja, akiingia ni bingwa. Akiwa ameshasimama juu ya mpira, akaona kitu kwenye njia yake, akainama kukiondoa bila kuhamisha miguu, akainuka, akapiga. Mpira ukapita kulia, na kesho yake Jack Nicklaus akamshinda. Scott Hoch, Masters ya 1989, kwenye mchujo dhidi ya Nick Faldo: umbali mfupi vilevile, naye akaukagua kutoka kila upande kwa muda mrefu, akaupitisha mpira kando ya shimo. Faldo akatwaa taji kwenye shimo lililofuata.

Mmoja hakuanza upya, mwingine hakuanza kabisa hadi alipochoka kuwaza. Kwa hivyo ushauri wa "usiharakishe" haunitoshi, wala wa "usiwaze sana". Ninachohitaji ni mpangilio mmoja usiobadilika, na kitu kikiukatiza, iwe nzi au honi ya matatu, narudi nyuma ya mpira na kuanza tena. Wangu ni huu: nyuma ya mpira nachagua jani moja la nyasi karibu, mbele kidogo ya mpira. Nasimama. Natazama shimo mara moja. Natoa pumzi. Macho kwenye mpira. Napiga, nasikiliza.

Jumamosi, 10 Mei

Mashindano ya mwezi. Grini zilikuwa na maji ya usiku na nyasi imekua, mpira unakwenda polepole, jambo linalomsaidia mtu wa vipigo vifupi kwa sababu anaweza kulenga ndani ya shimo bila kuhesabu mkunjo.

Mmoja nimeukosa, kwenye mteremko, na ulikuwa mgumu. Mingine yote ya urefu wa fimbo imeingia. Mkono ulitaka kushtuka kwenye shimo la kumi na nne, nilihisi kabisa kwenye kifundo. Nikarudi nyuma, nikaanza upya, wenzangu wakingoja kimya, nikautia. Handikapu yangu haitashuka kwa hilo, maana vipigo virefu bado vinanisumbua na mshiko huu. Nitavishughulikia likizo ijayo.

Tulipomaliza niliwaambia wenzangu wa Jumamosi ombi langu rasmi: tuache kupeana ndani ya urefu wa fimbo, sote, siyo mimi peke yangu. Nikawaeleza hesabu ya nyuzi tatu na nikawaeleza habari za makedi na sarafu. Wawili wamekubali. Wa tatu, ambaye ni mkubwa wetu kwa umri, alisema mchezo utavuta na mvua itatukuta shimo la kumi na tano. Ana haki. Nikamwambia, "Basi, mzee, tuanze nusu saa mapema." Akafikiri, akasema atajaribu mwezi mmoja.

Maana yake ni kwamba kutoka Nyamache inabidi niwe stejini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimemwomba mama watoto aniazime ile tochi yake ya kukamulia.